Datsun 240Z ya 1972: upande wa nyuma wote umefunguliwa, na difu iliyosingiziwa (uzi mrefu)

#1 Mwenye uzi

Habari zenu wadau. Uzi huu nimeuahirisha miezi mitano kwa sababu sikutaka kusimulia habari za gari lililo juu ya mawe. Jumapili iliyopita lilishuka, likaenda Kiserian na kurudi, na sasa nina la kusema.

Gari ni la marehemu baba, 240Z ya 1972, injini ile ya silinda sita ya L24, gia tano. Baba alikuwa kijana wakati magari haya yanapita barabarani yakiwa na tope hadi kwenye paa. 1971 aliona Edgar Herrmann na Hans Schüller wakishinda mbio za Safari Rally na 240Z, na 1973 zamu ikawa ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mwaka huo wa pili ndio alioupenda kuusimulia mezani: Mehta na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS, walimaliza pointi sawasawa, ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi yake ya kwanza. Baba alipopata pesa, miaka kumi baadaye, hakutaka gari lingine.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu: ukiachia klachi, nyuma inagonga "ko!" Ukiondoa mguu kwenye mafuta, "ko!" nyingine. Ukipita kwenye mashimo kwa mwendo wa sitini, mkia unahama kidogo kama mtu anayesukumwa begani. Gereji moja ilimwambia Mama difu (sanduku la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma) imekufa, inunuliwe nyingine. Mama alikataa kwa sababu hakuwa na pesa, na kwa kukataa huko aliiokoa difu nzima. Kabla hajalitoa gari pale, walikuwa wameshajaribu kung'oa pini ya upande wa kulia kwa nyundo. Hiyo pini tutafika.

Ninachotaka mwenye gari la namna hii akisikie mapema: difu ishtakiwe mwisho. Iko ndani ya oili, haipigwi na mvua wala mawe. Vinavyoizunguka ndivyo vinavyozeeka.

#2 Mdau wa Ruiru

Mzee wangu pole na kazi. Lakini mlio ukiwa katikati, chini ya kiti, utajuaje si difu? Mimi nina gari la zamani la aina nyingine, mlio ni huohuo, na fundi wangu naye anasema difu.

#3 Mwenye uzi

Swali zuri ndugu yangu, na ndilo lililonichukua mwezi wa kwanza mzima.

Elewa kwanza jinsi gari hili lilivyojengwa nyuma. Halina ekseli moja ya kukatisha. Kila gurudumu linajitegemea: limening'inia kwenye nguzo ambayo shoko imo ndani yake na springi imeizunguka, na chini limeshikwa na mkono wa chuma. Difu haichezi na magurudumu, imefungwa kwenye bodi. Pua yake ya mbele imekalia raba moja nene, na mkia wake umeshikwa na chuma kipana kilichopinda, mafundi wanakiita masharubu, chenye bushi (kikombe cha raba cha kupunguza mtikisiko) kila ncha. Kutoka kwenye difu hadi kwenye magurudumu kuna shafti mbili fupi, kila moja ina krosi (kiungo kinachoiruhusu shafti kukunja pembe) mbili na katikati inateleza juu ya gololi ili iongezeke na kupungua urefu gurudumu linapopanda na kushuka.

Sasa hesabu. Bushi za mikono ni nne kila upande, jumla nane. Ongeza mbili za masharubu na raba moja ya pua: kumi na moja. Krosi nne za shafti fupi na mbili za propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi hadi difu: sita. Vitu kumi na saba, na chochote kati yake kikilegea kinaweza kutoa "ko" ileile, na bodi ya bati nyembamba inausambaza mlio hadi usijue umetoka wapi.

Kwa hiyo nilianza na raba ya pua. Ukikanyaga mafuta, pua ya difu hutaka kupanda juu. Raba ikiwa imebanduka kwenye bamba lake, pua inapanda hadi ikamatwe na ukanda uliopita juu yake, halafu ukiachia inarudi na kujipigiza. Nilinyanyua gari, nikaliweka kwenye stendi nne, nikapitisha mtaimbo chini ya pua na kuinua taratibu. Pua ilipanda kama kifuniko cha sufuria. Raba ilikuwa vipande viwili, na kwa macho, kabla ya kuinua, ilionekana nzima kabisa. Usiangalie tu, inua.

Kisha krosi. Shika shafti kwa mikono miwili, izungushe huku na huku ukitazama kikombe cha krosi. Ukiona unga mwekundu kama pilipili umezunguka kikombe, sindano za ndani zimekauka na kutafunana. Mbili zangu za kushoto zilikuwa hivyo.

Kwa gari lako, fanya hayo mawili kabla hujatoa hata shilingi.

#4 Mdau wa Ngara

Tueleze pini. Nimewahi kuona watu wakikata mkono mzima kwa gesi kwa sababu ya ile pini.

#5 Mwenye uzi

Haya, pini. Mwenye haraka aruke, lakini hapa ndipo kazi yote ilipokuwa.

Ncha ya nje ya mkono inaushika mguu wa nguzo kwa pini moja ndefu, nene kama kidole gumba, inayopita kwenye bushi, ikaingia ndani ya chuma cha nguzo, ikatokea kwenye bushi ya pili. Katikati imezuiwa na kibolti kidogo kinachokaa kwenye kijifereji cha pini. Kibolti hicho lazima kitoke kwanza, na kuna watu hugonga siku nzima bila kujua kwamba kipo. Nati zote mbili za pembeni zikitoka, kwa nadharia pini inateleza. Lakini hili gari limekaa miaka hamsini. Maji yameingia mahali pini inapokutana na nguzo, kutu imejaa, vyuma viwili vimekuwa kimoja.

Ukigonga ncha kwa nyundo, meno ya kufungia nati yanapondeka na ncha inavimba kama uyoga. Ikishavimba haiwezi tena kupita kwenye bushi, kwa hiyo kila pigo linazidi kuifunga ndani. Hivyo ndivyo nilivyoikuta ya kulia.

Mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries, mwenye mashine ya lethi tangu kabla sijazaliwa, aliitazama, akapitisha kidole juu ya ile ncha iliyovimba, akasema, "Kijana, hii haitaki nguvu, inataka kuvutwa." Akanitengenezea pula. Ni kipande cha bomba nene, bolti ndefu ya chuma kigumu, nati ya kuunganisha aliyoikereza ili upande mmoja uingie kwenye meno ya pini na wa pili kwenye bolti, na wosha nne nene za kupaka grisi. Bomba linaegemea kwenye mkono, bolti inapita ndani yake, na ukikaza nati ya nje pini inavutwa kuingia kwenye bomba. Aliyajua meno ya pini kwa kuyapima na geji ya meno, hakukisia. Alinitoza shilingi elfu mbili na mia tano.

Wiki nzima kabla ya kuvuta, kila jioni nilipaka mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye tundu la kile kibolti na kwenye maungio. Asetoni inawaka vibaya, kwa hiyo siku ya kutumia moto nilifuta kila kitu, nikaacha pakakauka usiku kucha, na chupa nikaitoa nje ya banda. Ya kushoto tuliipasha moto chuma cha nguzo, si pini, hadi tone la maji likaruka juu yake. Tukakaza nati ya pula. Tukakaza tena. Mikono ikaanza kunitetemeka, nikataka kuacha. Mara ikalia "ta!" kama kuni mbichi ikipasuka motoni, nikadhani bolti imekatika. Kumbe ni pini imesogea. Ilitoka milimita kwa milimita, na nyuma yake ukamwagika unga wa kutu wa rangi ya kahawa.

Ya kulia ilibidi nikate uyoga wote kwa msumeno wa chuma, kisha nivute kwa ncha ya pili. Siku mbili. Hiyo pini nimeihifadhi.

Pini mpya zote mbili zilipakwa grisi isiyosombwa na maji kwa upesi, kijifereji kikaelekezwa kwenye tundu la kibolti kabla ya kusukumwa ndani, maana zikishaingia kuzizungusha ni taabu.

#6 Mdau wa Athi River

Ulitumia bushi za raba au zile ngumu za poliurethani? Wengi wanasema raba ni kupoteza pesa.

#7 Mwenye uzi

Mikono yote raba. Kwenye masharubu nikaweka poliurethani.

Sababu zangu: bushi ya raba imegandishwa kwenye mabomba yake, la ndani na la nje. Mkono ukipanda na kushuka, raba inajinyonga, haisuguani na kitu, kwa hiyo haihitaji grisi na haina mlio. Ile ngumu inazunguka ndani ya nyumba yake na inataka grisi, na vumbi letu la murram likiingia inaanza kulia kama mlango. Kwa mtu wa mashindano, sawa. Mimi nataka gari la kumpeleka Mama kanisani. Masharubu hayachezi kama mikono, hapo ugumu haunidhuru.

Lakini raba ina sharti lake ambalo mafundi wengi hawalifuati. Usikaze nati za mwisho gari likiwa limening'inia. Kaza likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake wote. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, raba inagandia pale, na ukishusha gari inakuwa imeshanyongwa kabla hata hujaondoka. Itachanika baada ya miezi, nawe utalaumu aliyekuuzia. Mimi nililisogeza juu ya mbao nene nne ili nipate nafasi ya kulala chini, nikalitikisa likae sawa, ndipo nikakaza.

Kutoa bushi za zamani: choma raba taratibu, nje, upande ambao upepo hauelekei kwa jirani, kisha bomba la nje lililobaki likate kwa ndani na blade ya msumeno hadi ukaribie mkono, usiuguse. Linakunjika na kutoka lenyewe.

#8 Mwenye uzi

Sasa difu, kwa kuwa wengi wameuliza.

Ni R180, maana yake krauni, ile gia kubwa ya ndani, ina kipenyo cha milimita 180. Kabla ya kumwaga oili, fungua kwanza kizibo cha kujazia. Ukimwaga halafu cha juu kikagoma, una difu kavu na gari lisilosogea. Oili ilitoka nyeusi yenye harufu ya kiberiti, kawaida yake. Nikapitisha sumaku kwenye beseni: unga laini tu, hakuna hata kipande kimoja. Tukaifungua kifuniko cha nyuma, tukafunga geji ya saa kwenye jino la krauni, uchezaji kati ya meno ukawa 0.15 mm, yaani uko sawa. Jino moja baada ya jingine nimelitazama kwa tochi, alama ya kukutana kwao iko katikati. Hiyo ndiyo difu iliyosemekana imekufa.

Nikabadilisha sili tatu, ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) na mbili za pembeni, nikajaza lita moja ya 80W-90 ya daraja la GL-5. Basi.

Beringi za magurudumu zilinifundisha zaidi. Kati ya beringi ya ndani na ya nje kuna kipande cha bomba, na urefu wake si mmoja kwa magari yote. Kimepigwa herufi A, B au C, na herufi hiyo inalingana na iliyo kwenye nyumba ya beringi. Changanya cha kulia na cha kushoto, ukaze kwa nguvu zote, beringi zitabanwa au zitalegea, na hutajua kwa nini zinakufa mapema. Nilivifunga kila kimoja kwenye tambara lake na kuandika upande. Nati kubwa ya ekseli inakazwa kati ya Nm 245 na 324. Spana ya torki ya nyumbani haifiki huko, niliazima ya fundi wa malori pale Eneo la Viwanda, tukaishia 270, kisha kola ya nati ikagongewa kwenye mfereji wake.

Shafti fupi nilizifungua juu ya sinia ya Mama ya kupelekea chai. Ukivuta ile sehemu inayoteleza, gololi zinamwagika, na zina vipande vya kuzitenganisha katikati, vyote vina mpangilio wake. Nilizipanga kwenye sinia kwa mistari kama zilivyotoka, nikaosha mstari mmoja kwa wakati mmoja. Mama alipita akasimama, akauliza kama ni shanga. Krosi mpya nilizipata Kirinyaga Road, Grogan ya zamani, baada ya kuzunguka maduka sita na krosi ya zamani mfukoni. Usiende na jina la gari tu, nenda na kitu chenyewe na kalipa. Zilipoingia, nikachagua klipu za unene tofauti hadi krosi ikakaa katikati, isicheze wala isikaze.

#9 Mdau wa Nakuru

Langu ni la 1970. Shafti zangu fupi zimepinda kuelekea mbele ukilitazama kwa chini, hazikunyooka. Je, mkono umepinda?

#10 Mwenye uzi

Hapana kaka, usiguse. Magari ya mwanzo difu yake ilikaa mbele zaidi, ndiyo maana shafti zinakwenda kwa pembe. Katikati ya 1971 kiwanda kiliirudisha nyuma karibu milimita 35 na shafti zikanyooka. Langu ni la baada ya badiliko hilo. Krosi zako zinafanya kazi zaidi kuliko zangu, basi zikague mara kwa mara. Na uagizapo masharubu au mikono, taja mwaka wa gari, vitu vya kabla na baada havifanani.

Kupinda kwa mkono kunapimwa kwa mashine ya alaimenti. Gari hili halina mahali pa kurekebishia magurudumu ya nyuma. Kama vipimo vya nyuma havikai baada ya bushi mpya, basi kweli kuna chuma kilichopinda, au bodi.

#11 Mwenye uzi

Kitu kimoja nilikisahau, na karibu kinirudishe mwanzo. Baada ya kurudisha kila kitu, mlio wa klachi uliisha, lakini kwenye mashimo bado kulikuwa na "tok, tok" ndogo upande wa kulia. Usiku huo sikulala. Ilikuwa nati ya juu ya nguzo, ile inayoikandamiza shoko ndani ya bomba lake. Aliyewahi kubadilisha shoko zamani aliweka fupi kidogo, bila wosha ya kujazia chini, kwa hiyo nati ilifika mwisho wa meno yake bila kuibana. Shoko ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya bomba. Tukakereza wosha ya milimita nne, tukatia oili kidogo ndani ya bomba ili joto la shoko lipate pa kutokea, tukafunga. Kimya.

Klachi nayo nilibadilisha kwa kuwa giaboksi ilikuwa chini, sahani ya milimita 225. Angalieni tu kola ya beringi ya klachi: ziko za urefu mbalimbali, na lazima ilingane na presha pleti (bamba linaloikandamiza sahani ya klachi) uliyonunua. Niliweka mpya kando ya ya zamani kwenye kioo cha meza kabla ya kufunga.

#12 Mwenye uzi

Safari ya kwanza. Kutoka Lang'ata, tukapita Bomas, tukashika Magadi Road, Rongai na matuta yake yote, hadi Kiserian. Nilikwenda na dirisha wazi na redio imezimwa. Kwenye kila tuta nilikuwa nikingoja mlio kama mtu anayengoja kukemewa. Haukuja. Nilipoachia klachi kwenye mlima baada ya Rongai, gari lilivuta tu, moja kwa moja, bila kusita. Kwenye kona ndefu mkia ulikaa palepale nilipouweka. Sikujua kwamba gari hili linaweza kuwa hivyo, nilikuwa mdogo mno wakati baba analiendesha likiwa zima.

Kurudi, Mama alikuwa mbele. Hakusema neno hadi Bomas, kisha akaniambia baba yako alikuwa anapunguza gia hapa.

Nimeshatembea kilomita 400. Nilirudi chini, nikagusa kila nati kwa spana: bolti mbili za flanji ya shafti ya kushoto zilikuwa zimelegea robo mzunguko, zingine zote ziko sawa. Oili ya difu haivuji. Kebo ya hendibreki inafuata.

Mdau wa Nakuru na yeyote mwingine mwenye 240Z: pula ya pini iko kwangu, nitumieni ujumbe. Iazimwe bure, irudi na wosha zake zote nne.